Daftari la Mama Saa

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkunga wa zahanati moja yenye vitanda sita, na karibu hakuna aliyemwita mkunga. Walimwita Mama Saa. Mtoto alipotoka tu, kabla hata hajalia sawasawa, yeye alikuwa amekwisha kuinua macho ukutani na kutamka kwa sauti: "Saa nne na dakika kumi na tatu." Wauguzi wenzake walitania kwamba aliyezaliwa mikononi mwa Mama Saa hataweza kujipunguzia umri hata siku moja.

Zahanati ilikuwa na rejista yake, lakini yeye alikuwa na daftari zake pia. Baada ya kila uzazi, akishanawa mikono, aliketi kwenye kiti cha chuma karibu na sinki na kuandika: siku, saa, uzito, jina la mama, nani aliyemleta. Mwisho wa mstari aliongeza maneno machache ya kwake. "Mama aliimba." "Baba alizimia mlangoni." "Alikataa kushikwa mkono, kisha akaushika asiuachie." Hayo hakuamriwa na mtu. Alipoulizwa kwa nini anajisumbua, alijibu kwamba mtu anazaliwa mara moja tu, na ni vibaya siku hiyo isiwe na shahidi.

Zahanati ilipofungwa na kuunganishwa na hospitali kubwa, rejista zilipakiwa kwenye lori pamoja na mashuka na vitanda. Vitanda vilifika. Rejista hakuna aliyeweza kusema ziliishia wapi. Kwa hiyo, bila mtu yeyote kupanga, daftari za Mama Saa zikawa ndiyo kumbukumbu pekee ya watu zaidi ya elfu mbili.

Alipostaafu, mwanawe mkubwa alimletea kompyuta ya mezani, kubwa, yenye mgongo wa kijivu. Karani wa zamani wa ile zahanati, mzee mpole aliyekuwa jirani yake, alikuja kila Jumanne kumfundisha. Alimtengenezea jedwali, akalihifadhi mahali alipojua yeye karani, ndani ya folda aliyoiita "Ripoti za robo mwaka" kwa mazoea ya kazi, kisha akamwekea alama kwenye uso wa skrini, imeandikwa DAFTARI. Akamwambia, "Wewe usihangaike kutafuta. Bofya hapa tu." Naye akabofya hapo tu, kwa miaka kumi na minne.

Kuchapa daftari zote kulimchukua miaka sita, kwa vidole viwili. Kitufe cha herufi A kilichakaa, kikang'oka, akawa anabonyeza kijiti kilichobaki kwa kitako cha penseli, na maneno yetu yalivyojaa herufi hiyo, penseli haikupumzika. Karani alifariki katikati ya kazi hiyo. Akaimaliza peke yake. Mwaka uliofuata upepo uliinua bati moja la paa, maji yakaingia kwenye sanduku la daftari, karatasi zikagandana kama mkate ulioloweshwa. Alizitupa mwenyewe bila kusikitika sana. Yote yamo kwenye kompyuta, alisema.

Watu walimjia. Anayetaka kuthibitisha mwaka wake wa kuzaliwa, anayesajili mirathi, mapacha waliobishana nani mkubwa. Mama Saa aliwaketisha, akawasha kompyuta, akaenda kuosha vyombo, akarudi ikiwa bado inajikongoja kuwaka, akawatolea mstari wao kwenye karatasi na kutia sahihi. Ofisi ya usajili ya pale ilikwisha kuizoea sahihi hiyo. Wengi waliofuata tarehe tu waliondoka wakiwa wameshikilia yale maneno ya mwisho wa mstari. Mwanamume mmoja aliyeanza kuota mvi alisoma "Baba alizimia mlangoni" akacheka mpaka akashika ukuta.

Kompyuta ikazeeka. Ilianza kuzima bila kuaga. Feni ilinguruma, naye aliipiga ubavuni kwa kandambili ikanyamaza kwa muda. Kitinda mimba wake, mwanamume wa miaka arobaini anayefanya kazi ofisi ya bima katika mji mwingine, aliposikia habari za kandambili alisema sasa basi. Akaja Jumamosi asubuhi na laptopu mpya ndani ya boksi.

Kijana huyu, ambaye kwa mama yake bado ni kijana, alizijua kompyuta kama wanavyozijua watu wengi wa maofisini: kiasi cha kusaidia, si kiasi cha kujua asichokijua. Alikuja kwa moyo mweupe. Alileta soksi za joto, dawa ya magoti, na karatasi ngumu aliyokwisha kuiandika nyumbani kwake, masharti ya maisha mapya: neno la siri lisiwe jina la mtoto, usifungue barua ya mtu usiyemjua, kila Jumatatu weka nakala kwenye flashi na flashi ikae kabatini. Aliibandika ukutani juu ya meza.

"Tunaanza upya, mama," alisema. "Humu kumejaa takataka za miaka. Niambie unachokihitaji, nikihamishe, mengine tuyaache."

"Picha za baba yenu. Barua zangu. Na Daftari. Daftari usiliache."

"Daftari lipi?"

Akaweka kidole juu ya skrini, juu ya ile alama. "Hili hapa."

Mwanawe akaichukua ile alama, akaiweka kwenye flashi. Hakuifungua kuhakikisha, maana kufungua kitu kimoja kulichukua robo saa, na mara mbili asubuhi ile kompyuta ilikuwa imekwisha kuwazimikia. Aliiona pia folda ya "Ripoti za robo mwaka". Ripoti za zahanati iliyofungwa zamani, akaipita. Kisha, kama wanavyoshauri wajuzi wa mambo haya, akafuta kila kitu kwenye mashine ya zamani ili mambo ya mama yake yasiangukie mikononi mwa watu, akaipakia kwenye basi, na Jumatatu akaipeleka chuo cha ufundi karibu na kazini kwake, ambako hukusanya kompyuta kuukuu za wanafunzi kujifunzia.

Jumatatu hiyo hiyo Mama Saa aliketi mbele ya laptopu. Iliwaka kabla hajavaa miwani. Aliandika neno la siri, refu, lenye namba na alama ya mshangao, akakosea, akaandika tena. Picha zilikuwepo. Barua zilikuwepo. Na DAFTARI ilikuwepo, jina lake lile lile. Akabofya.

Kikatokea kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza. Alikisoma polepole. Kilisema kitu hicho hakipo tena mahali pake, na kikamuuliza kama anataka kuifuta alama. Akabonyeza "hapana" haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba amekosea yeye. Jambo la pili nalo lilikuwa hilo hilo. Mashine ni mpya, mwanawe ni msomi, kila kitu kimewekwa sawa. Kilichozeeka pale mezani ni yeye. Akajaribu kubofya polepole. Akajaribu kubofya kwa nguvu. Alizima akawasha. Alijaribu asubuhi baada ya chai, kichwa kikiwa chepesi, na alasiri baada ya kulala kidogo. Kisanduku kikawa kinatokea kila mara na swali lake lile lile, kwa adabu ile ile.

Mwanawe alipiga simu Jumapili kama kawaida. "Inaendaje?"

"Vizuri kabisa, mwanangu. Inawaka kama umeme."

Alinyamaza hivyo kwa wiki tatu. Alimwona bado mwanawe alivyopiga magoti sakafuni kuunganisha nyaya, jasho kwenye shingo, akifurahi. Na aliogopa neno moja ambalo watoto wake walikuwa wameanza kulizungukazunguka wanapozungumza: kwamba mama sasa asikae peke yake. Mtu asiyeweza kufungua daftari lake mwenyewe, kesho ataambiwa hawezi kuwasha jiko. Ajabu yake, katika maisha yake yote ya kazi aliwaambia wanawake waliokuwa wakijifunika kwa aibu kwenye kile kitanda, "Mficha uchi hazai." Aliwaambia mamia kwa mamia. Sasa zamu yake ilipofika, alijifunika.

Jumatatu alifuata masharti ya ukutani. Alichomeka flashi, akahifadhi nakala, akaifungia kabatini. Jumatatu tatu mfululizo alihifadhi nakala ya kitu ambacho hakikuwepo.

Katika wiki ya tatu alibisha hodi mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa chekechea, amevaa viatu vyenye madoa ya rangi za watoto. Alieleza shida yake akiwa amesimama. Karatasi zake zilikuwa na miaka miwili tofauti ya kuzaliwa, na mwajiri alikuwa anahakiki watumishi wote. Asiyekuwa na uthibitisho mwisho wa mwezi ataondolewa. Mama mdogo wake aliyemlea alimwambia jambo moja tu la hakika: ulizaliwa kwa Mama Saa.

"Na mama yako?" Mama Saa aliuliza, kwa sababu ndivyo alivyotafuta mstari, kwa jina la mama.

Mwalimu alimtajia jina. Kisha akasema mama huyo alifariki yeye akiwa na siku tisa, na hakuna picha. "Nimesikia unaandikaga na maneno kidogo," alisema. "Nikipata na hayo, nitashukuru."

Mama Saa aliitazama laptopu. Akamwambia arudi Alhamisi. Alhamisi alipokuja akamwambia mtandao unasumbua, ingawa Daftari halijawahi kuhitaji mtandao, na akampa kikombe cha chai. Mwalimu alishukuru kwa chai, akaomba radhi kwa usumbufu. Kule kuomba radhi ndiko kulikomvunja Mama Saa. Alipofunga mlango alikaa kwenye kiti cha karibu, mkoba wa mgeni ukiwa umemwachia harufu ya rangi na karatasi chumbani, na akajua kwamba amemdanganya mtu mwenye haki.

Kesho yake aliifunga laptopu kwenye taulo, akaitia kwenye kikapu, akapanda ngazi za fundi kompyuta aliyekuwa na chumba juu ya duka la dawa. Fundi alikuwa mwanamume mnene, asiye na haraka, mwenye bisibisi sikioni kama seremala anavyoweka penseli. Alibofya mara moja, akakisoma kisanduku, akaangalia ukubwa wa ile alama. Hakubofya tena.

"Mama, hii si faili. Hii ni njia ya mkato."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ni kibao cha barabarani. Kinaonyesha nyumba ilipo. Aliyehamisha amehamisha kibao, nyumba imebaki kule kwenye mashine ya zamani." Akamtazama. "Mashine ya zamani iko wapi?"

Alimweleza. Fundi aliuliza imetoka lini. Wiki tatu. Aliuliza kama ilifutwa. Ilifutwa. Fundi akaeleza kwa utaratibu kwamba kilichofutwa hakiondoki siku hiyo hiyo. Kinabaki kwa muda, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Alisema wakiipata haraka wanaweza kubahatika. Hakumwambia kwamba angekuja wiki ya kwanza ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Hilo alilielewa mwenyewe akiwa anashuka ngazi, ngazi ya nne au ya tano.

Alimpigia mwanawe simu akiwa bado kwenye kizingiti cha duka la dawa, watu wakimpita. Alimweleza yote kwa mpigo.

"Wiki tatu, mama?" mwanawe aliuliza. Hakuuliza kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Aliomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo, akaenda chuoni. Mashine aliikuta kwenye chumba cha mazoezi, namba kumi na saba imepakwa rangi nyeupe ubavuni. Mwalimu wa chuo, kwa wema kabisa, alieleza kwamba hiyo imetumika sana: wanafunzi wameiwekea mfumo mpya, wakaufuta, wakaweka tena, kundi la asubuhi na kundi la mchana, ndiyo mazoezi yenyewe. Mwana alirudi kwa mama yake na diski ya mashine hiyo imefungwa kwenye gazeti, kwa basi, saa tano nzima ameipakata.

Fundi aliishughulikia siku mbili. Siku ya tatu aliwaita wote wawili. Alikuwa amepata vipande: nusu ya barua kwa ofisi ya maji kuhusu bomba, picha moja ya harusi iliyokatika shingoni, orodha ya vitu vya sokoni. Na kwenye jedwali alipata mistari minne, isiyo na majina, namba tu. Kilo tatu na nukta mbili. Kilo mbili na nukta tisa. Mingine miwili ilikuwa saa bila siku.

"Hapa ndipo mwisho wangu," alisema fundi, akazima taa ya meza.

Nyumbani mwana aliketi kwenye kiti cha mbao, mikono katikati ya magoti, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mtoto na ameitwa kuadhibiwa. Mama yake alimletea chai, ikapoa.

"Nilikuuliza, mama," alisema. "Ukanionyesha."

"Ndiyo. Nilikuonyesha."

"Nami nikachukua kile ulichonionyesha."

"Ndiyo."

Hapakuwa na mahali pa kuyapeleka maneno hayo. Kama mmoja wao angekuwa na kosa kubwa, mwingine angekasirika, wakagombana, wakapatana, yakaisha. Lakini kila mmoja alikuwa amefanya kama alivyoambiwa. Hata wiki tatu za kunyamaza mwana hakumlaumu nazo mama yake. Alisema tu kwamba angependa ajue kwa nini aliogopa kumwambia. Mama Saa alitafuta jibu ambalo halingemuumiza, akalikosa, akasema hajui.

Mwalimu wa chekechea alikuja kwa mara ya tatu siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Safari hii Mama Saa hakumpa chai kwanza. Alimwambia mlangoni, kwa maneno machache, yote, pamoja na uwongo wa mtandao. Mwalimu alisikiliza. Aliuliza kama hakuna nakala mahali popote, na akaonyeshwa flashi. Akaishika, akaigeuzageuza, akairudisha.

Kisha akaketi. "Basi niambie kwa mdomo," alisema. "Mama yangu. Chochote unachokumbuka."

Mama Saa alifumba macho. Alimtafuta yule mwanamke. Alimtafuta kwa jina, kwa mwaka, kwa kitanda. Walikuja wengine: waliopiga kelele, waliokaza meno, aliyemng'ata kidoleni akaomba msamaha siku nzima. Mambo yao alikuwa ameyaandika, ndiyo maana hakuyabeba kichwani. Huo ndio ulikuwa mkataba wake na karatasi, kisha na ile mashine: nyinyi shikeni, mimi niende kwa anayefuata.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema.

Mwalimu hakuinuka.

"Kuna mmoja," Mama Saa akaendelea. "Aliniomba nifungue dirisha. Ilikuwa baridi, nikamkatalia. Akasema anataka mtoto asikie watu wakipita, ajue amefika mahali penye watu. Nikalifungua. Lakini siwezi kuapa kwamba ndiye yeye. Anaweza kuwa mama wa mtu mwingine kabisa."

"Alikuwa mwembamba?"

"Sikumbuki."

"Mtoto alikuwa wa kike?"

"Mwanangu, sikumbuki."

Mwalimu alitazama sakafu. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa kiganja. "Naomba huyo huyo," alisema. "Kama mwenyewe hajaja kumdai."

Mama Saa alitaka kumpa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ndiyo, ndiye, chukua. Alichofanya ni kumshika mkono na kutosema lolote, na hata leo hajui kama huko kulikuwa kumpa au kumnyima. Mwalimu aliomba amwandikie maneno yale kwenye karatasi. Akamwandikia, na chini yake akaongeza: "Sina hakika ni nani." Mwalimu aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba bila kulalamika.

Ofisi ya usajili haikuikubali karatasi hiyo, wala hakuna aliyetegemea ikubaliwe. Mwalimu alisimamishwa kazi mwanzo wa mwezi. Mama mdogo wake alilazimika kula kiapo mahakamani, mashahidi wawili wakatafutwa, mmoja akaugua, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Alirudi kazini baada ya miezi kumi na moja, akiwa na mwaka ambao mahakama iliuona unafaa. Alipita kwa Mama Saa kumjulisha. Hakuwa na kinyongo, na alikuwa amekonda.

Watu wengine bado wanakuja. Mama Saa amejifunza kuwaambia mapema, kabla hawajavua viatu. Baadhi yao huondoka. Baadhi humpa wao wenyewe wanachokijua, walichosimuliwa na shangazi, siku ya soko, mwaka wa mafuriko, naye anachapa kwenye jedwali jipya. Mpaka sasa ana watu sitini na wanane kati ya elfu mbili na zaidi. Safu ya mwisho, ile ya maneno yake, iko tupu, kwa sababu hawezi kuijaza kwa maneno ya kuambiwa.

Mwanawe huja kila mwisho wa mwezi. Amemnunulia diski ya nje, kisha nyingine ya kukaa nyumbani kwake yeye, akamfungulia na ghala la mtandaoni, akamfundisha kufungua kila nakala kuhakikisha kilichomo ndani. Mama yake alimwambia zinatosha, akaitikia, na mwezi uliofuata akaja na flashi mbili. Akifika tu, kabla ya kula, hufungua nakala zote moja baada ya nyingine, mstari wa kwanza mpaka wa sitini na nane, naye mama yake huketi pembeni yake akisubiri amalize. Husoma kila jina kwa sauti ya chini. Hakuna hata moja analolifahamu.